Vise, misumari na batri: fundi wa Sake atafuta mashini ya kuanzia upya

Katika mji wa Goma na kandokando yake, nyumba nyingi ni za mbao. Si kwamba watu hawapendi matofali. Ardhi yenyewe ni mawe ya volkano, na mawe hayo hayachimbiki kwa jembe. Mtu hupanga mawe ya chini, akasimamisha nguzo za mikaratusi, akapiga mbao ubavuni, akatia mabati juu, na wiki chache baadaye familia imeingia. Lava ya Nyiragongo iliposhuka mjini tarehe 17 Januari 2002, na iliposhuka tena upande wa Buhene tarehe 22 Mei 2021, wengi walijenga upya kwa namna hiyo hiyo.

Mbao hizo hushikwa na msumari au na vise. Msumari ni rahisi na hauhitaji umeme, nyundo inatosha. Lakini siku ya kubomoa, msumari hupasua ubao, na ubao uliopasuka mara mbili unaishia jikoni kama kuni. Vise hutoka kama ilivyoingia. Mlango uliofungwa kwa vise unaweza kufunguliwa jioni, ukalazwa juu ya chukudu pamoja na magodoro na sufuria, ukasimamishwa tena penye usalama. Kitanda vile vile. Dirisha vile vile. Familia iliyohama mara tatu ndani ya miaka mitatu inajua tofauti hiyo bila kufundishwa na mtu.

Kwa hiyo swali la fundi mmoja wa mbao, mwenyeji wa Sake, si swali la wapenda mashini peke yao. Anataka kujua anunue mashini gani ya kutoboa na kukaza vise, na hasa yenye batri ya aina gani, kwa pesa ambazo hatazipata mara ya pili mwaka huu.

Fundi huyo alitoka Sake Februari 2024, mapigano yalipokaribia, pamoja na mke wake na watoto watano. Katika gunia alibeba msumeno, randa, nyundo, keekee ya mkono aliyoirithi kwa baba yake, na perseze moja ya batri, ya okazio kutoka Bulaya, ya volti 14.4. Walikaa Bulengo chini ya shitingi. Pale kambini hakukosa kazi: vitanda vya kuwainua watoto juu ya mawe yenye unyevu, milango midogo, meza za kuuzia sambaza na makala. Alilipwa mara kwa franga, mara kwa unga. Januari 2025 vita ilipofika mjini Goma, umeme na maji vilikatika, na mwezi uliofuata kambi nyingi zilizouzunguka mji zikabaki tupu. Alirudi Sake. Nyumba yake aliikuta imesimama, ila milango, madirisha na mabati havipo.

Nusu ya majirani walikuta hivyo hivyo. Kazi ikawa nyingi kuliko mikono, na hapo perseze ya zamani ikamwangusha. Batri moja ilikuwa imekufa kabisa. Ya pili ilizunguka dakika kama kumi, ikaanza kunguruma polepole kama mzee anayepanda mlima. Tangu hapo vise zote amekuwa akizikaza kwa turnevisi, kwa mkono, katika mikaratusi iliyokauka. Kiganja chake cha kulia kimevimba, na vidole viwili hufa ganzi usiku. Kijana mmoja wa jirani, mwenye mashini mpya, anamaliza milango mitatu wakati mzee anamaliza mmoja, na wateja wanaona.

Ile batri ya zamani ni ya nikeli na kadimi, ndugu wa kwanza katika ukoo huu. Kampuni ya Marekani Black & Decker ilitoa perseze ya batri isiyo na waya mwaka 1961, na kwa miaka zaidi ya 40 aina hiyo ya batri ndiyo iliyobeba kazi za mafundi duniani. Kila seli ndani yake hutoa volti 1.2. Ukifungua batri ya volti 14.4 utakuta seli 12 zimefuatana, ya volti 18 ina seli 15. Ni nzito: batri ya volti 18 ya aina hiyo hufikia karibu kilo moja, na mtu anayefunga dari mikono ikiwa juu huisikia begani.

Hata hivyo ina sifa ambazo haifai kuzidharau. Inavumilia joto, inavumilia kuanguka, na juu ya yote inavumilia njaa. Unaweza kuiacha bila chaji kwa miezi, ukaichaji, ikaamka. Kwa mtu ambaye alificha vyombo vyake darini akakimbia, sifa hiyo ina uzito. Ubaya wake ni kwamba inavuja. Ukiichaji leo na kuiacha, kesho imeshapoteza sehemu ya kumi hivi, na baada ya mwezi usiitegemee. Tena ina tabia ambayo mafundi huiita kumbukumbu: ikichajiwa kila mara kabla haijachoka, huzoea kazi fupi, nguvu yake ikapungua mapema.

Na kadimi ni sumu. Huingia katika figo na mifupa na haitoki upesi. Umoja wa Ulaya ulikataza batri hizo katika mashini za mkono zisizo na waya kuanzia mwisho wa mwaka 2016, kwa hiyo haishangazi kwamba mashini zake bado zinaonekana katika mizigo ya okazio inayofika kwetu Afrika: kule hazina tena batri mpya za kununua. Mama mwenye batri ya namna hiyo nyumbani, iliyokufa, asiwaachie watoto waivunje kutafuta vyuma, wala isitupwe shambani au ziwani. Iwekwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, mbali na maji ya kunywa.

Ndugu wa pili ni nikeli na haidridi ya metali. Haina kadimi, na kwa ukubwa ule ule hubeba chaji zaidi. Lakini ile ya kawaida huvuja upesi kuliko hata kadimi, na haipendi joto wala kukamuliwa hadi mwisho. Ilipita katika maduka kama mgeni wa siku mbili. Anayeikuta kwa bei ndogo sana, ikiwa nzima, aichukue; asiifuate safari.

Ndugu wa tatu ni lithiamu, na ndiyo imejaza rafu zote za Birere leo. Seli yake moja hutoa volti 3.6, yaani mara tatu ya nikeli. Seli tano tu zinafanya volti 18. Batri ndogo ya volti 18 na amperi-saa 2 haizidi sana gramu 400. Haina kumbukumbu, unaweza kuichaji nusu, robo, wakati wowote umeme unapopita. Ukiiacha mezani mwezi mmoja, chaji karibu yote bado imo. Hilo peke yake, katika mji wa delestaji, linatosha kumvuta fundi.

Ila penye lithiamu ndipo penye uongo mwingi wa soko, na inafaa kukaa hapo kidogo. Batri iliyoandikwa volti 20 na ile iliyoandikwa volti 18 mara nyingi ni kitu kimoja. Seli hizo tano zikiwa zimejaa kabisa hupima 20 na zaidi kidogo, zikianza kazi hushuka kwenye 18. Kampuni nyingine huandika kipimo cha shibe, nyingine kipimo cha kazi. Hakuna aliyeiba. Wizi unaanza kwenye mashini zilizoandikwa 48VF, 88VF, hata 128VF. Herufi hizo VF haziko katika kipimo chochote cha umeme. Ukifungua batri hizo utakuta kwa kawaida seli tano zile zile, na pengine seli dhaifu. Fundi wa Sake aliwahi kuambiwa na muuzaji kwamba ya 128 ina nguvu mara saba kuliko ya 18. Alimjibu kwa upole: «Papa, basi ingenibeba mimi mpaka Minova.»

Kipimo cha kuuliza ni wati-saa, yaani volti mara amperi-saa. Volti 18 mara amperi-saa 2 ni wati-saa 36. Volti 18 mara 4 ni 72. Ile ya kadimi ya volti 14.4 na amperi-saa 1.5 ilikuwa na wati-saa 21 na kitu, hata ilipokuwa mpya. Kama karatasi haisemi kitu, tumia mkono: seli moja ya lithiamu ya umbo linalojulikana zaidi, lenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina gramu 45 hivi. Batri ya volti 18 inayodai amperi-saa 4 huwa na seli kumi za namna hiyo, kwa hiyo haiwezi kuwa nyepesi kama kopo tupu.

Sasa mashini zenyewe. Watu huzichanganya, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha.

Perseze ya batri, ile ya kawaida, ina mdomo wa meno matatu unaobana meshi ya duara ya ukubwa wowote unaoingia. Nyuma ya mdomo kuna pete yenye namba. Ukiiweka kwenye namba ndogo, mashini huteleza na kulia tra-tra-tra vise inapofika mahali pake, isiivunje wala kuizamisha. Kwa bawaba za mlango, kwa vise fupi za milimita 3 au 4, kwa ubao mwembamba wa kabati, pete hiyo ni dhahabu. Hutoboa mbao, hutoboa chuma, na hukaza vise. Ila vise ikiwa ndefu na mti ukiwa mgumu, nguvu yote inarudi kwenye kiganja cha anayeishika. Ndivyo viganja vinavyopotoka.

Viseze ya kugonga ni fupi, na mdomo wake hauna meno. Una tundu la pembe sita, milimita 6.35, linalopokea ncha za umbo hilo tu. Ndani yake kuna nyundo ndogo na springi. Vise inapoingia bila shida, mashini inazunguka tu. Inapokataa, nyundo hurudi nyuma, kisha huachiwa na kugonga kwa ubavu, kwa mwelekeo wa kuzunguka, mara 3,000 na zaidi kwa dakika moja. Kila pigo ni dogo, kwa hiyo mkono hausikii kupindishwa. Nguvu ya kukaza huwa mara mbili hata tatu ya perseze ya ukubwa ule ule. Vise ya sentimita 10 huzama katika nguzo ya mikaratusi huku fundi ameishika kwa mkono mmoja. Mtu mwenye kiganja kilichovimba akiijaribu mara moja, huwa vigumu kumwomba airudishe dukani.

Lakini haina pete ya namba. Kazi ndogo huiharibu: hukata vichwa vya vise nyembamba, hupasua ncha za mbao, huzamisha bawaba. Ncha za bei rahisi huvunjika ndani yake kama kiberiti, kwa hiyo lazima ziwe zile zilizotengenezwa kwa kugongwa. Na inapiga kelele kweli. Penye nyumba za mbao zilizobanana, ambapo jirani ana mtoto mchanga nyuma ya ubao wa sentimita mbili, fundi mwenye adabu hupanga kazi yake mchana na kutia pamba masikioni mwake mwenyewe.

Kuna aina ya tatu inayoleta mkanganyiko: perseze inayogonga kwa mbele, yenye picha ya nyundo kwenye pete. Hiyo ni ya matofali na zege. Mapigo yake yanasukuma meshi kwenda ndani, wakati mapigo ya viseze yanazungusha. Mtu akinunua viseze ya kugonga akidhani atatoboa ukuta, atarudi analia. Na kwa mawe ya volkano yenyewe, hata hiyo ya nyundo ndogo hupata tabu. Mawe yale yanataka mashini kubwa ya kutoboa miamba, au patasi ya chuma na subira.

Fundi wa Sake alianza kwa njia ambayo wengi huanza nayo: kuponya batri ya zamani. Kuna vijana mjini Goma wanaofungua batri za kompyuta zilizokufa, wakachagua seli ambazo bado zinapumua, wakazipanga ndani ya sanduku la batri ya perseze. Kazi ni safi na bei ni ndogo. Shida ni kwamba seli za kompyuta zimezoea kutoa umeme polepole, amperi chache kwa saa nyingi. Perseze inapokwama katika mti huvuta amperi 20, hata 30, kwa ghafla. Seli hizo hupata joto, hushuka, na kama hakuna kadi ndogo ya ulinzi inayozikata kwa wakati, zinaweza kushika moto. Kuna ubaya mwingine zaidi: wengine huweka seli za lithiamu ndani ya sanduku la kadimi na kuendelea kutumia chaja ile ile ya kadimi. Chaja hiyo haijui kusimama mahali ambapo lithiamu inataka isimame. Usiku mmoja wa kusahau unatosha. Anayetaka kuponya batri kwa lithiamu aulize mambo matatu: seli ni za mashini au za kompyuta, kadi ya ulinzi ipo, na chaja ni ya lithiamu? Jibu moja likiwa hapana, aache.

Hapo linaingia suala la mahali pa kuchaji, ambalo kwa familia zilizo chini ya shitingi ni kubwa kuliko suala la nguvu. Moto wa lithiamu hutoa moshi wenye sumu na hurudi baada ya kudhaniwa umezimika. Ndani ya hema hakuna nafasi ya kukosea. Batri ichajiwe mchana, mtu akiwa macho, nje ya mlango, juu ya jiwe. Mawe ya lava, ambayo Goma hayakosekani, hayashiki moto. Isiwekwe juu ya godoro, isiachwe chini ya bati saa saba za mchana. Ikinuka vibaya, ikipasuka sanduku, ikipata joto hata bila kazi, itolewe mbali na nyumba na isichajiwe tena.

Umeme wenyewe umegawanyika kama kawaida. Kituo cha maji cha Matebe, huko Rutshuru, kilifunguliwa mwaka 2015 na nyaya zake zikafika Goma. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ikawasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mjini humo. Waliounganishwa wana nafuu, siku ambazo nyaya hazijakatwa na vita. Wasiounganishwa huenda kwa wenye nyumba za kuchajia simu. Fundi alipiga hesabu yake kwenye ubao kwa penseli. Paneli ya jua ya wati 50, ikipata saa nne za jua kali, inakusanya wati-saa 200. Toa kinachopotea njiani, katika batri ya nyumba na katika mashini ya kubadilisha umeme, pengine nusu. Zinabaki 100. Batri ndogo ya wati-saa 36 inaweza kujazwa mara mbili kwa siku, na taa ya watoto ikawaka jioni. Batri kubwa ya 90 ingekula yote, na siku ya mawingu haijai. Msimu wa mvua, kule Sake, siku za mawingu si chache.

Kutokana na hesabu hiyo aliamua kwanza kwamba batri mbili ndogo zina faida kuliko moja kubwa. Moja inakuwa kazini, nyingine inakuwa kwenye chaja. Moja ikiibiwa au ikifa, kazi haisimami. Wauzaji husifu kubwa, na ni kweli kubwa hutoa nguvu zaidi bila kuchoka, kwa sababu seli zake ni mistari miwili inayosaidiana. Kwa mjenzi mwenye jenereta inafaa. Kwa mtu wa paneli ya wati 50, ndogo mbili.

Jambo la pili lilimchukua muda mrefu kuliko yote. Batri ya kampuni moja haiingii katika mashini ya kampuni nyingine. Hata ndani ya kampuni moja kuna mitego: Bosch ya buluu, ya mafundi, na Bosch ya kijani, ya nyumbani, hazibadilishani batri. Ryobi, kinyume chake, imeshika umbo moja la batri ya volti 18 tangu mwaka 1996, hata batri mpya ya lithiamu huingia katika mashini ya zamani ya kadimi. Mtu anaponunua mashini ya kwanza, anakuwa ameoa ukoo mzima. Baada ya hapo kila pesa itakwenda kwenye rangi ile ile.

Fundi yumo katika likelemba ya mafundi watatu, na mmoja wao ni yule kijana jirani anayemnyang'anya wateja. Zamu yake ya kuchukua pesa ilipofika, alifanya jambo ambalo lilihitaji kumeza kiburi: alikwenda kwa kijana akamuuliza mashini yake ni ya ukoo gani, ili anunue ya ukoo ule ule. Kijana alikuwa na perseze ya kawaida na batri mbili. Mzee akinunua viseze ya kugonga yenye batri mbili, kati yao watakuwa na mashini mbili tofauti, batri nne na chaja mbili. Walikubaliana hivyo, na kuandika majina juu ya batri kwa rangi ya mabati, maana undugu bila alama huleta kesi.

Dukani alikuta mashini mbili za ukoo huo. Moja ina mota ya makaa, nyingine haina makaa na ni ghali zaidi. Ile isiyo na makaa hutumia chaji vizuri na hudumu, lakini ndani yake kuna kadi ya elektroniki, na kadi hiyo ikiungua hakuna wa kuiponya Sake. Ile ya makaa itakula makaa yake siku moja, na makaa mapya ni vipande viwili vidogo ambavyo fundi mwenyewe anaweza kuvibadilisha kwa dakika kumi. Alichukua ya makaa. Wengi wangesema amechagua ya zamani. Kwa mahali anapoishi, amechagua vizuri.

Alipokuwa akihesabu pesa, muuzaji, ili kumfurahisha, alimwambia batri hiyo imetoka Rubaya, kwa koltani ya Masisi. Usemi huo umeenea na si sahihi. Koltani hutoa tantali, ambayo huingia katika vifaa vidogo vya kadi za simu na kompyuta, si katika seli za batri. Kitu cha Kongo kinachoingia katika seli nyingi za lithiamu ni kobalti, nayo hutoka kusini, Kolwezi na kandokando. Nchi hii hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Lithiamu yenyewe inajulikana kuwako Manono, katika jimbo la Tanganyika. Mzee alisikiliza, akasema basi huenda amenunua kijiko kidogo cha udongo wa Kolwezi kilichozunguka ng'ambo na kurudi kwa dola, akaomba apunguziwe bei. Hakupunguziwa.

Perseze ya zamani haikutupwa. Sanduku la batri yake lilifunguliwa kwa uangalifu, seli za kadimi zikawekwa kando ndani ya ndoo, na badala yake ukaunganishwa waya mnene na mfupi hadi kwenye batri ya gari ya volti 12, iliyochoka kwa gari lakini bado hai kwa taa. Kati yake pana fyuzi. Mashini ya volti 14.4 ikipewa 12 huzunguka polepole kidogo, ila kutoboa inatoboa. Haiwezi tena kwenda kwa mteja. Imekuwa ya mezani, ya kutoboa matundu ya kwanza kabla vise haijaingia, jambo ambalo linaokoa ncha za mbao zisipasuliwe na viseze. Bawaba anazifunga kwa turnevisi kama zamani, au anangoja perseze ya kijana. Keekee ya baba yake imerudi ukutani, na huteremshwa wakati batri ya gari nayo imelala.

Kama familia italazimika kuondoka tena, amewaeleza watoto wakubwa utaratibu. Batri za lithiamu zisiachwe tupu wala zisijazwe, zibaki nusu, zifungwe katika kitambaa kikavu, ncha zake zisiguswe na misumari. Hivyo zinaweza kungoja miezi. Zikiachwa tupu, pengine hazitaamka. Mashini ni kilo moja na nusu pamoja na batri yake, mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuibeba.

Mlango wa kwanza uliofungwa kwa mashini mpya ulikuwa wa mjane mmoja aliyerudi kutoka Minova na wajukuu wanne. Aliomba ufungwe wote kwa vise, hata mbao za fremu, na akataka kujua ni vise ngapi. Zilikuwa 38. Alilipa nusu, nyingine atalipa maharage yakivunwa.